Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu, ada, na ule usiku wa Mount Wilson

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kutazama nyota, poleni na majukumu. Mikutano ilifanyika kama kawaida, watoto walionyeshwa mwezi kule pakingi ya kanisani, mwekahazina mpya kachaguliwa, hayo mnayajua nisiwachoshe.

Twende kwenye ishu ya hela. Nimeskia maneno mengi kwamba mwenyekiti kamaliza akiba kukodi darubini ya mwaka 1908 wakati tungenunua yetu mpya. Jamani tuelewane. Ile ya Mount Wilson, kituo cha kutazama nyota kwenye mlima karibu na Los Angeles, Marekani, ina kioo cha inchi 60, mita moja na nusu hiyo, yetu ingekuwa ya inchi 8, piga hesabu ya eneo la kioo utaona ile kubwa inakusanya mwanga zaidi ya mara 50. Ndo hiyo hiyo mwanaastronomia Harlow Shapley aliitumia kupima umbali wa vishada vya nyota, yaani nyota nyingi zilizosongamana pamoja, mpaka ikajulikana jua letu haliko katikati ya galaksi. Mnaosema taa za Los Angeles zimeharibu anga, ni kweli kwa vitu hafifu, ila hewa ya kutoka Pasifiki inafika pale mlimani imetulia, nyota haichezichezi, ndo maana Chuo Kikuu cha Georgia State kimefunga darubini 6 hapo hapo na kuziunganisha wapime upana wa nyota, kazi ambayo wanasayansi Michelson na Pease waliifanya kwa nyota ya Betelgeuse mlima huo huo mwaka 1920.

Waliokuja waliona wenyewe. Kishada cha M13, ukikitazama na darubini ya mkono ni ukungu tu, pale nyota zilionekana moja moja mpaka katikati, mama mmoja akagoma kushuka ngazi ya kutazamia na foleni nzima ikamsubiri.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Nafasi 25, waliojiandikisha 25, waliofika 11! Nafasi 14 zimelipiwa bure, hasara ni hiyo, sio kukodi. Na mimi ndo niliyehangaika na bukingi, nikapigia simu kila mtu, nikabeba watu kwa gari langu na mafuta yangu.

Ada ni dola 50 kwa mwaka, tuko 38, waliomaliza 15, deni dola 1,150, benki kuna 212. Kwa hali hiyo darubini mtainunua na nini?

Mwakani Mungu akijalia natamani tukodi ile ya inchi 100 ya hapo hapo Mount Wilson, aliyoitumia mwanaastronomia Edwin Hubble mwaka 1923 kuipata nyota iliyothibitisha Andromeda ni galaksi nyingine kabisa. Tarehe bado, tutaangalia hali. Atakayetaka kwenda amalize ada kwanza, risiti ziko kwa mwekahazina.