Jino na msumari

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Hapa Tanga hatujambo, mvua imeshika, na bei ya nazi usiniulize. Najua barua yako ya Rajabu sijaijibu. Nitaijibu, lakini leo nina jambo linanichoma.

Kibwana kaandika kutoka Leicester. Kiswahili chake unakijua kilivyochakaa, basi kaandika Kiingereza: nyumba ya Bi Tatu ikitaka kuuzwa, yeye atapigana tooth and nail. Barua ikasomwa barazani, wazee wote wapo, na msomaji ni nani? Yule kijana wa Athumani, anayejiona mkalimani. Akatoa papo hapo: "Nitapigana kwa jino na msumari."

Msumari, Mwanaidi! Bi Tatu akauliza, msumari wa nini, bati linavuja? Nikauma kanga nisicheke. Kumbe balaa lilikuwa bado. Shemeji akaingilia, eti anasaidia: "Maana yake jino kwa jino." Mzee Athumani akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga. Mpaka leo simu hapokei.

Sasa jino kwa jino si kisasi? Umening'oa langu, nakung'oa lako. Kibwana hakutaja kisasi popote. Nail ile ni ukucha: mnyama kabanwa kwenye kona, hana fimbo wala panga, anajitetea kwa alivyozaliwa navyo. Waingereza wanausema msemo huu tangu karne ya 16, Wafaransa nao wana mdomo wa ndege na kucha, Wajerumani meno na makucha. Mbunge akiupinga muswada husema hivyo hivyo, chama cha wafanyakazi pia, na hakuna anayeng'atwa. Tena mara nyingi ni maneno ya mtu anayezuia kitu kisimtoke, na ndivyo alivyo Kibwana, anazuia nyumba isiuzwe. Hamtishi mtu.

Nimetafuta namna ya kumweleza mzee. Udi na uvumba nimeuacha, huo ni wa anayekitafuta kitu kwa kila njia. Kufa na kupona ndio unaokaribia, ila kwa hasira alizonazo atasikia kufa tu, kupona hakutamfika. Afadhali Kibwana hakuandika lile la Waingereza la nyundo na koleo, la mtu anayefanya kazi au kugombana kwa nguvu zote, kama mhunzi anayewahi chuma kabla hakijapoa. Yule kijana angelitafsiri, saa hizi tungekuwa kituoni.

Na nyumba yenyewe... basi, hilo tutazungumza uso kwa uso.

Ninachokuomba, mpigie Mzee Athumani. Wewe anakusikiliza tangu enzi za madrasa. Mimi ataniambia nimetumwa. Mwambie tu Kibwana hakubali nyumba iuzwe, meno na kucha viache huko huko Uingereza.

Utampigia lini? Au umpate Kibwana kwanza, aandike upya kwa Kiswahili, hata kama kibovu? Hati ya nyumba iko kwa nani sasa, au nayo imeshafichwa? Goti lako linaendeleaje? Na Idi unakuja, au utaniletea tena habari za nauli?

Wako,
Zuhura