Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tufike Kabla ya Sanda

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, shikamooni.

Majina ya waliotutangulia mbele ya haki mwaka huu katibu ameyasoma na dua imeombwa, sitayarudia. Nitasema tu kwamba kila msiba ulipotufikia maturubai yalifika, sanda haikukosekana, na hakuna maiti ya mwanachama iliyosubiri kaburi kwa sababu ya pesa. Kwa kazi hiyo chama chetu cha kuzikana kinasifika hapa Tanga, na sifa yenyewe ni ya haki. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Maswali ya shilingi mumwekee yeye. Mimi kamati imenituma niseme jambo jingine, ambalo baadhi yenu mlinifuata hadi nyumbani kuniomba nisilitaje mbele za watu. Nitalitaja. Ni maradhi ya akili.

Naanzia kwenye makusanyo, kwa sababu huko ndiko tulikozindukia. Tangu tuanze kupokea ada kwa simu, malimbikizo yamepungua sana na mweka hazina hazunguki tena na daftari nyumba hadi nyumba. Yeye anafurahi, magoti yake yanafurahi zaidi. Lakini yule aliyekuwa akizunguka na daftari alikuwa na macho. Alijua mlango gani unafunguliwa saa sita mchana, nani amepungua mwili, kwa nani jiko halijawashwa. Leo ada inaingia usiku, simu inalia, jina linatiwa alama, imekwisha.

Mwenzetu mmoja wa Ngamiani, mama anayekaanga mihogo na kuuza chachandu yake ambayo wengi wenu mnaijua, alilipa kila mwezi bila kuchelewa. Kwenye orodha yetu alikuwa mwanachama hai. Mpaka binti yake alipomjia mke wa katibu na kumwambia kwamba mama hajatoka chumbani tangu Ramadhani iishe, hali chakula, halali usingizi, na simu ameizima na kuifunga ndani ya kanga chini ya godoro.

Simu ndiyo iliyomwangusha. Alikopa kwenye programu moja ya mikopo ili anunue mafuta na mihogo, hela isiyofika hata bei ya mbuzi. Riba ikapanda kila siku, akakopa kwingine alipe kule, na alipochelewa wakaanza kuwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake: mwalimu wa madrasa wa wanawe, wakwe, wateja, hata imamu. Ujumbe ulimwita tapeli. Mikopo hii watu wameipa jina la kausha damu, na hawakukosea. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuwatahadharisha wananchi. Hatua nzuri. Ila huyu mama aibu yake ilishasambaa mtaani, naye akaamua kwamba dawa ni kutoonekana. Wanawake wanne wa chama walikwenda kukaa naye kwa zamu, kwanza bila kusema lolote, wakichambua mchele tu chumbani mwake. Sasa amerudi kibandani. Nimemwomba ruhusa ya kuyasema haya na ameniambia niseme, ila nisimtaje jina, na niwaambie kuwa chachandu imepanda bei.

Chama hiki kilianzishwa na watu waliokuwa na hofu moja. Wengi wetu ni wajukuu wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika ikiwa hai inasemekana ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba yakatapakaa Pangani, Muheza hadi Korogwe. Babu zetu wakaja kuukata kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na baadaye viwanda vya mjini navyo vikafunga milango kimoja kimoja. Wazee wale walikuwa mbali na kwao. Walichoogopa ni kufa wasijulikane na kuzikwa na manispaa. Wakachanga senti zao, wakaandika katiba, na hofu ile wakaizika wao wenyewe.

Sisi tumerithi katiba yao, lakini maisha yetu si yale. Kwenye nyumba zile za Barabara ya 10, ya 12, chumba kimoja alikaa mpangaji kutoka Lushoto, cha pili mjane wa Kidigo, cha tatu fundi cherehani, na wote walikutana uani kwenye maji na jiko. Mtu akigombana na moyo wake, uani wanajua kabla ya jua kuzama. Nyumba hizo sasa zinavunjwa au zinazibwa mbele. Baraza limegeuzwa fremu, fremu imepangishwa kwa muuza vifaa vya simu, na wazee waliokuwa wakicheza bao pale wamerudi ndani. Sensa ya 2012 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.7; ya 2022 ikakuta 4.3. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Kwa bibi aliyebaki na mjukuu mmoja ambaye naye anashinda shuleni, si ndogo.

Sisemi zamani kulikuwa peponi. Uani kulikuwa na masengenyo, na mjane wa Kidigo hakuwa na siri hata moja. Wanawake wengi waliovumilia kipigo walivumilia kwa sababu uani mzima ulikuwa unawaambia wavumilie. Kuna waliopata afya ya akili yao kwa kuhama tu na kufunga mlango. Ninachosema ni kwamba kuna kazi iliyokuwa ikifanywa na uani bila malipo na bila kikao, na uani umeondoka na kazi ile haikukabidhiwa kwa mtu.

Vijana wana yao. Bodaboda ya mkataba inadai hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na tajiri hataki kusikia kwamba leo abiria walikuwa wachache. Kilichobaki kinakwenda kwenye mkeka wa kubeti, na mkeka ukichanika anakopa ili aweke mwingine. Wengine wanasubiri. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na tangu jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 2017 kuna kijana ninayemjua ambaye ameacha kazi mbili za maana kwa sababu ataitwa muda wowote. Bado hajaitwa. Mama yake anasema amekuwa mkali, haongei, analala mchana. Kazi za ujenzi wa aina hiyo zina mwanzo na mwisho, na hilo ni bora tuwaambie vijana mapema kuliko kuwaacha wakeshe na simu.

Sasa katiba. Kifungu chetu cha maradhi kinasema mwanachama atasaidiwa akileta cheti cha kulazwa. Kwa wakati wake kilikuwa kifungu cha busara. Kilizuia watu kuleta mafua mezani. Lakini mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, mara nyingi halazwi. Anahudhuria kliniki, anapewa vidonge, anarudi nyumbani, na mwezi ujao anahitaji nauli tena. Mwaka huu mzee wetu mmoja mstaafu wa reli alileta karatasi ya kliniki ya afya ya akili, imegongwa muhuri, imesainiwa. Katibu akaisoma mbele na nyuma akasema, mzee wangu, karatasi hii haina kitanda. Katibu hakukosea, alifuata katiba. Mzee alisema ahsante, akachukua baiskeli yake akaondoka, na nauli ya mwezi ule alichangiwa na wajumbe wa kamati kutoka mifukoni mwao. Chama hakiwezi kuendeshwa kwa mifuko ya kamati.

Upande wa pili wa maradhi haya haya tumekutana nao kwa njia ngumu zaidi. Tulipata msiba wa mtu aliyejiua. Sitasema zaidi ya hapo kwa heshima ya familia, ambao wengine wamo humu. Wapo wanachama walionipigia simu kutaka rambirambi isitolewe. Kamati ilitoa, yote, na maturubai yakaenda. Tuliwauliza mashehe kabla, wakatujibu kwamba maiti wa Kiislamu huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Waliokasirika nawaheshimu, lakini uamuzi ule sitautetea kwa sauti ya chini. Mjane na watoto hawakutenda kosa lolote, na michango ya marehemu ilikuwa imelipwa.

Jambo hilo linazungukwa na ukimya mzito. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia huficha hata pale mtu alipookolewa na anahitaji daktari kuliko wakati mwingine wowote. Mkimsikia mtu anasema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake na kuaga pasipo safari, msimkemee kwamba imani yake ni haba. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kamati itagharamia usafiri, cheti au bila cheti, na kama mkutano huu utaona tumekiuka katiba basi mtuadhibu.

Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tulimwalika muuguzi wa afya ya akili akae na sisi jioni. Walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, ingawa wanaume walisimama nje ya dirisha kana kwamba wanapita njia. Alieleza kwamba huzuni ya msiba au ya deni ni ya kila binadamu, lakini hali ikidumu wiki mbili au zaidi, mtu hapati usingizi au analala kupita kiasi, chakula hakimwendi, aliyokuwa akiyapenda hayamvutii, anajiona hana thamani, hapo kuna ugonjwa na ugonjwa una tiba. Kwa wazee wetu hujitokeza mwilini kwanza: mgongo, kichwa, moyo kwenda mbio, vipimo vyote vikirudi safi. Wengine hupona kwa mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu, wengine huhitaji na vidonge. Vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na wengi huviacha wiki ya kwanza wakisema havifai.

Bibi mmoja akauliza, je, kama ni majini? Muuguzi yule hakucheka wala hakubishana. Alisema, bibi, someni dua, na shehe aje, lakini asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na vidonge visiachwe. Nilipenda jibu lile. Watu wetu wataendelea kwenda kwa shehe na kwa mganga, na aliye na akili timamu atataka shehe na daktari wawe upande mmoja.

Mkoa wetu si mgeni wa kazi hii. Katika hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe, wagonjwa wa akili wamekuwa wakitunzwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na sehemu ya tiba yao ni kazi: shambani, kwenye karakana, kusuka. Tunaye mwenzetu aliyetoka huko. Kabla ya kuugua ndiye aliyekuwa mkata nyama wetu kwenye kila shughuli, na mnakumbuka alivyokuwa akimtenganisha ng'ombe mguu kwa mguu huku anapiga hadithi. Kwenye hitima ya mwezi uliopita alifika mapema, akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha mkono apewe kisu. Hakuna aliyempa. Alipelekwa akakae mkekani na wageni, akapewa soda. Aliyefanya hivyo alidhani anamtendea wema. Nimezungumza na wapishi wetu na wameniahidi kwamba shughuli ijayo atapewa kisu chake, na mwenye hofu akakate vitunguu upande wa pili.

Mapendekezo ya kamati yako mbele yenu. La kwanza, kifungu cha maradhi kibadilishwe, karatasi ya kliniki ikubalike sawa na cheti cha kulazwa, na msaada utolewe kama nauli na dawa kila mwezi kwa miezi isiyozidi sita, kisha kamati iangalie upya. La pili, ada ibaki kwenye simu lakini daftari lirudi. Kila mtaa uwe na watembezi wawili, mwanamke na mwanamume, ambao kazi yao ni kugonga milango tu, hawakusanyi senti. Wasiende kama polisi, na watakayoyasikia wasiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lile lina sala nyingi na mikono mingi ya pole, na wengi wetu tukishaituma tunaona tumekwisha kwenda.

La tatu ndilo lililotugawa: sehemu ndogo ya mfuko itengwe kwa mikopo isiyo na riba, ili mwanachama asikimbilie kausha damu kwa ajili ya gunia la mihogo. Mweka hazina anapinga. Anasema mfuko huu ni wa maiti, na mkopaji asiporudisha tutakuja kukosa sanda. Hoja yake ina uzito na atapewa nafasi aieleze kikamilifu. Mimi niko upande wa kukopesha, kwa kiwango kidogo na kwa wadhamini wawili, lakini sitapigia debe kutoka kwenye kiti.

Marekebisho ya katiba yanahitaji theluthi mbili ya waliohudhuria, kwa hiyo nawasihi msiondoke baada ya chai. Sisi Tanga tunajulikana kwa waja leo waondoka leo, lakini leo hii kaeni mpaka saa nane. Kura za mapendekezo mawili ya kwanza zitapigwa kwa mikono, ya tatu kwa karatasi. Watakaojitolea kuwa watembezi waandikishe majina kwa katibu, pale mlangoni, kabla ya swala ya adhuhuri.

Mwenyekiti