Uvimbe umetolewa, homoni anaziangalia nani?

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu, lako likiwamo, yamekuwa yakiandika kwa furaha habari za wagonjwa wanaotolewa uvimbe chini ya ubongo kwa kupitia puani, bila kufunguliwa fuvu. Furaha hiyo ni halali. Zamani mtu wa hali hiyo aliambiwa atafute nauli ya India. Leo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wanaifanya kazi hiyo hapa hapa nyumbani. Ninachotaka kuuliza ni kile kisichoandikwa. Mgonjwa akisharudi Kilosa au Ifakara, kidonda kimepona na macho yanaona, homoni zake anaziangalia nani?

Uvimbe ninaousema huota kwenye tezi ya pituitari. Tezi yenyewe haizidi punje ya njegere, imekaa nyuma ya pua katika kishimo cha mfupa, chini tu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ndiyo maana wengi huanza kwa kulalamikia macho: mbele anaona, pembeni haoni, bodaboda inamtokea ubavuni kama imeshuka mbinguni. Mara nyingi uvimbe huo si saratani. Lakini tezi hiyo ndiyo inayozituma kazi tezi ya shingo, tezi za juu ya figo, ovari na korodani. Ikibanwa, ikiguswa wakati wa upasuaji au ikipigwa mionzi, kazi hizo husimama, moja moja au zote. Mionzi ndiyo yenye hila zaidi, kwa sababu upungufu wake unaweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye, mgonjwa ameshaisahau kliniki na kliniki imeshamsahau yeye.

Dalili zenyewe hazina jipya: uchovu, kuhisi baridi, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu anaposimama. Mwanamume nguvu zinamwisha na ndevu zinapungua, mwanamke hedhi inakata. Kwetu mambo hayo yana majibu tayari kabla mtu hajafika kwa daktari: U.T.I., malaria sugu, majini, mkono wa mtu. Mwanamume ataangukia kwa wauza dawa za nguvu za kiume, wale waliojaza matangazo kwenye nguzo za umeme. Mwanamke anayetoka maziwa bila kunyonyesha ataambiwa kafungwa kizazi, kumbe huenda ana uvimbe unaomwaga prolaktini, yaani homoni ya maziwa, ambao kwa wengi hutibiwa kwa vidonge bila kisu. Wakunga wanaijua pia sura nyingine ya tatizo hili, aliyoieleza Dk. Sheehan wa Uingereza mwaka 1937: mama aliyepoteza damu nyingi akijifungua, maziwa hayatoki, hedhi hairudi. Hapo hakuna uvimbe, ila tezi iliyoumia ni ileile.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na katika upungufu wote huo ninaouogopa ni wa kortisoli, homoni ya zile tezi za juu ya figo. Mtu mwenye afya akipata homa, kuhara au ajali, mwili wake huongeza kortisoli wenyewe. Aliyepoteza uwezo huo lazima aongezewe kwa dawa. Akiwa na homa, dozi yake ya haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kortisoli, huzidishwa mara mbili au tatu. Akitapika, vidonge havifai tena. Achomwe sindano ya miligramu 100 na atundikiwe dripu ya chumvi. Asipoipata, presha inaporomoka, sukari inaweza kushuka, anazimia, anakufa, na kwenye cheti yaandikwa malaria.

Shemeji yangu nusura aende hivyo. Alishafanyiwa upasuaji, alisharudi shambani, akapata kuhara kwa kawaida tu. Kituo kimoja cha afya kilimlaza na kumtundikia dripu na dawa ya malaria, lakini aliendelea kulegea, na kwenye karatasi yake ya ruhusa hapakuwa na neno hata moja kuhusu kortisoli. Nilipofika niliomba achomwe haidrokotisoni. Daktari kijana akasita, akampigia simu mkubwa wake, akachoma. Siku ileile presha ilipanda na mgonjwa akaomba uji. Simlaumu yule kijana, maana hakuna aliyemwandikia kitu. Ila kichupa cha dawa hakikuagizwa kutoka mbali, kilikuwa kabatini muda wote, kimewekwa kwa ajili ya watu wa pumu.

Vidonge ndivyo adimu. Ukiulizia haidrokotisoni katika famasi nyingi za mjini kwetu, utaletewa tyubu ya krimu ya upele. Shirika la Afya Duniani limeviweka vidonge hivyo katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo hatudai anasa. Vikikosekana, daktari anaweza kumpa mgonjwa prednisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo, kwa dozi ndogo. Ni ya bei rahisi na ipo karibu kila mahali. Hapo linazuka balaa jingine. Majirani wanaijua prednisoloni kama dawa ya kunenepesha na kuvimbisha uso, basi watamsihi mgonjwa aiache. Asiiache hata siku moja. Dozi hiyo ndogo inajaza pengo, haina kazi ya kunenepesha mtu.

Kuna na mtego wa vipimo. Kwa ugonjwa wa kawaida wa tezi ya shingo tumezoea kupima TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo, peke yake, ikitoka sawa mtu anaambiwa hana tatizo. Kwa mwenye ugonjwa wa pituitari kipimo hicho kinadanganya, kwa kuwa TSH yenyewe hutengenezwa na tezi iliyougua. Inaweza kuonekana ya kawaida huku tezi ya shingo imelala kabisa. Lazima T4, homoni ya tezi ya shingo yenyewe, ipimwe. Na asianzishiwe levothairoksini, dawa ya kufidia homoni hiyo ya shingo, kabla ya kuhakikisha kortisoli yake inatosha au imeshafidiwa, kwani dawa hiyo huuongezea mwili mahitaji na inaweza kumtumbukiza kwenye hatari ileile iliyomkuta shemeji yangu. Kortisoli yenyewe ipimwe asubuhi, saa mbili au saa tatu, wakati inapokuwa juu. Damu iliyotolewa saa kumi jioni haitatuambia kitu. Kuna na wale wanaokojoa na kunywa maji usiku kucha baada ya upasuaji: wasipelekwe moja kwa moja kwenye kliniki ya kisukari, huenda wanahitaji desmopresini, dawa ya kufidia homoni ya pituitari inayozuia mkojo kupita kiasi.

Sidai kila mkoa uwe na bingwa wa homoni. Naomba Wizara ya Afya na hospitali zinazofanya upasuaji huu waanze na kadi, ya Kiswahili, itakayokaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Maneno haya yatatosha: "Mgonjwa huyu ana upungufu wa kortisoli. Akitapika, akizimia, akipata ajali au akihitaji upasuaji, mchomeni haidrokotisoni miligramu 100 kwanza, vipimo vifuate." Chini yake pawe na namba ya simu ya wodi na mhuri wa hospitali. Mhuri usisahaulike, maana karatasi isiyo na mhuri nchi hii hakuna anayeisoma.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro