Foremani aliyenitafutia kazi anataka nisaini simiti ambayo haijashuka, nifanyeje?

Shangazi hujambo, na nyinyi wasomaji wenzangu. Mimi ni karani wa stoo kwa mjengo mmoja hapa Nairobi, upande wa Embakasi, ni flati, saa hii tuko ghorofa ya nne na inafaa ifike saba. Kazi yangu ni kupokea simiti, mchanga, kokoto na vyuma, nahesabu kisha nasaini dilivari noti, na hiyo noti ndio mwenye ploti analipia. Yaani sahihi yangu ni pesa, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Foremani wetu ni mtu wa kwetu, rika moja na marehemu baba, tangu utotoni namwita anko. Baba alipolazwa ni yeye alizunguka kwa watu kutafuta mchango, na bili ya hospitali ilipokataa kuisha ni yeye tena alikimbia huku na huku mpaka tukapewa mwili tukazike. Hata hii kazi ni yeye alinitafutia, wakati nilikuwa nafulia watu nguo mtaani. Nimeanza na hayo ndio msiniambie tu mripoti, kana kwamba ni mtu nilijuana naye juzi.

Sasa lori ikileta tuseme mifuko 200, zinashuka 170, hizo 30 zinabaki chini ya turubai zinarudi na lori kuuzwa kwa hadiwea ingine bei ya chini. Anataka niandike 200. Mara ya kwanza niliandika vile nilihesabu, hakunigombeza, alichukua karatasi akaandika ingine akasaini mwenyewe, akaniambia mtoto wangu, mbuzi hula urefu wa kamba yake, na yako nimeshakurefushia. Lakini mwenye ploti amesema kuanzia sasa hataki kuona sahihi ingine isipokuwa ya karani, na wiki ijayo inakuja simiti ya slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa.

Juzi jioni nikaona M-Pesa imeingia, elfu tano kutoka kwake, hajasema ni ya nini. Nilikuwa na deni la Fuliza, na nyinyi mnaotumia mnajua pesa ikiingia deni linajikata kwanza, kabla nimalize kusoma mesej nusu ilikuwa imeenda. Sikuomba hiyo pesa, na iliyobaki sijaigusa, lakini nikitaka kumrudishia yote inabidi nitafute ya kujazia na mwisho wa mwezi bado uko mbali.

Na shangazi sitakuficha, hiyo pesa naitamani. Mdogo wangu ametumwa nyumbani karo, kodi ya nyumba nimelipa nusu, na usiku nikilala najipata napiga hesabu, lori moja elfu tano, lori tatu karo imeisha, na hakuna mtu nimemwibia mfukoni, mwenye ploti ana magari na ana nyumba zingine. Dadangu anasema nikikataa ataletwa karani mwingine ale, simiti itaenda tu na mimi nitarudi kufua. Hapo kwa kuenda sina jibu lake, kweli itaenda.

Kile kinanikosesha usingizi ni ile slabu. Karatasi ya injinia inasema simiti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Mifuko ikipungua na slabu ni ile ile, mafundi wanaambiwa waongeze mchanga, na nimeona kwa macho yangu toroli za mchanga zikizidi, hakuna mtu wa kuuliza. Zile kyubu za zege za kupelekwa kupimwa siku ya 7 na ya 28 huchanganywa kando, simiti ya kutosha kabisa, kwa hivyo matokeo yanarudi mazuri. Nyumba ikishapigwa plasta na rangi nani atajua? Mtu anayekuja kukodisha anauliza tu kama maji inapatikana kila siku na kama stima ni tokeni.

Ile nyumba ya Huruma ya ghorofa sita ilianguka usiku wa mvua, tarehe 29 Aprili 2016, watu kama 50 wakafa, tulikaa kwa tv tukiangalia yule mtoto mchanga akitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi. Sisemi yetu itaanguka, mimi si injinia. Lakini mimi mwenyewe nakaa flati Kayole ghorofa ya tano na watoto wangu wawili, na simiti ya hiyo nyumba pia ilisainiwa na karani fulani, simjui, na wakati mwingine mvua ikinyesha namfikiria.

Nimeambiwa naweza kwenda NCA, ile mamlaka ya ujenzi. Lakini saiti ikifungwa wale vijana wa mkono wanalipwa kwa siku, watakula nini, na yule mama anawauzia madondo hapo getini? Halafu mama yangu atajua ni mimi nilimpeleka anko kwa polisi, mtu aliyetuzikia baba.

Nina kaunta buku yangu ambayo naandika hesabu ya kweli ya kila lori, hakuna anayejua. Naomba mtu aliyewahi kufanya kazi ya mjengo aniambie, nikimwonyesha injinia hiyo buku atachunguza ama ataenda kumwambia foremani moja kwa moja? Na hiyo elfu tano niirudishe kwa M-Pesa ndio rekodi ibaki, ama nimpatie mkononi nimweleze kwa heshima kwamba siwezi? Natamani kwanza niongee na yeye kama baba, lakini naogopa akijua nimekataa atanitoa kabla sijafika kwa injinia. Lori inakuja Jumanne, tafadhali nijibuni kabla ya hapo.

Karani wa stoo, Kayole