RISALA YA KAMATI YA UKARABATI WA BWENI LA WASICHANA KWA MGENI RASMI, SIKU YA HARAMBEE

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Mkuu wa Shule na walimu wote,
Viongozi wetu wa dini,
Wazazi wenzangu na wanafunzi wetu wapendwa,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya kamati nakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu, na zaidi kwa kuomba upelekwe bwenini kwanza kabla hujakaribishwa kiti. Uliyoyaona kule sitayarudia. Nitaeleza yale ambayo macho hayayaoni, maana hayo ndiyo yaliyopandisha gharama kutoka shilingi milioni 28 hadi milioni 63, na hayo ndiyo wazazi wengi mliokaa hapa mmekuwa mkituuliza, wengine kwa hasira. Mna haki ya kuuliza. Fedha ni zenu.

Usiku ule bweni lilipoungua, wasichana 76 walikuwa madarasani kwenye masomo ya usiku. Kila nikipanda kitandani namshukuru Mungu kwa saa ile. Moto ungewaka saa sita usiku, leo tusingekuwa hapa tunahesabu bati. Zimamoto walipochunguza walikuta hitilafu ya umeme ndani ya dari, mahali ambapo waya zilikuwa zimeungwaungwa miaka nenda rudi kila ilipoongezwa taa au soketi. Matranka, madaftari, sare, vyandarua, vyote vilikwisha. Binti mmoja alikuwa na picha moja tu ya marehemu mama yake. Ilikuwa ndani ya tranka.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa chini ya mwembe ule pale, tukahesabu tulichokiona: kenchi, bati, milango, vitanda, magodoro, rangi. Ikaja milioni 28. Kuta zilikuwa zimesimama, nasi tukazishukuru. Tulidhani zikisuguliwa, zikapigwa lipu mpya na rangi, bweni limerudi.

Mhandisi alipofika hakuanza na kalamu, alianza na nyundo. Alipita akigonga ukuta hatua kwa hatua, akatuambia tusikilize. Sehemu nzima ililia sawasawa. Upande wa mashariki, ambako moto ulikaa muda mrefu, mlio ulikuwa butu kama wa debe lililojaa mchanga. Kisha akabandua lipu juu ya dirisha akatuonyesha linta. Zege lake lilikuwa limegeuka rangi ya waridi. Alitueleza kwamba zege huanza kubadilika hivyo likipita joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na hapo ndipo nguvu yake huanza kupotea. Nondo zilizomo ndani, joto likifika nyuzi 600, hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake. Zikipoa hurejesha kiasi kikubwa, lakini zege lililozishika halirejei. Linta sita zilikuwa hivyo. Kuweka kenchi mpya juu ya linta zile kungekuwa kuwatundikia watoto wetu mzigo kichwani.

Kwa hiyo tumebomoa ukuta wote wa mashariki pamoja na linta zake. Kuujenga upya ni milioni 13, ndiyo nyongeza kubwa kuliko zote. Najua wapo waliosema tumevunja ukuta mzima ili mafundi wapate kazi. Mimi mwenyewe siku ile nilisimama pale nikilia tofali la kwanza lilipoanguka, maana ukuta ule tuliujenga kwa nguvu zetu. Nilibeba maji ya kuchanganyia saruji yake nikiwa na mimba ya mtoto anayesoma hapa kidato cha pili. Lakini niliushika kwa mkono, na chokaa baina ya tofali ilimomonyoka kama unga.

Bati nazo. Kuna zilizobaki ambazo ukizitazama kutoka mbali ni nzima, na shauri la kuzipaka rangi lilitolewa kwa nia njema. Kinachozuia bati lisipate kutu ni zinki iliyopakwa juu yake, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Bati lililopita kwenye moto wa namna ile limevuliwa nguo. Rangi italificha kwa muda, kisha masika yatalitoboa, na tutarudi kwenu na bakuli lile lile.

Waya zimeng'olewa zote, hata za chumba cha matroni ambacho moto haukufika, kwa sababu ganda la waya likishapikwa na joto hukakamaa na kupasuka baadaye, kimyakimya, ndani ya bomba. Hapo ni milioni 6, safari hii kwa kutumia fundi mwenye leseni. Milioni 3 zimekwenda kusomba kifusi na kuosha masizi, na milioni 6 nyingine ni lipu na rangi za kuta tulizozibakiza. Masizi hayafunikwi na rangi. Yasipooshwa kwa sabuni na kukwanguliwa, madoa ya njano hurudi, na harufu ya moshi hurudi nayo. Binti aliyeona kitanda chake kikiungua tumwambie alale katika harufu hiyo?

Zimebaki milioni 7, Mheshimiwa, nazo ndizo zilizobishaniwa kuliko zote, kwa kuwa si za kurudisha kitu kilichokuwepo. Bweni letu lilikuwa na mlango mmoja, na madirisha yote yalikuwa na nondo. Tuliziweka sisi wazazi, tukiogopa wezi na wahuni. Mwaka 2001 katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Hapa kwetu mwaka 2009 tulizika wasichana 12 wa shule ya Idodi, Iringa, walioungua bwenini. Wenzetu wa Kenya waliandika mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008: milango ya bweni ifungukie nje, iwepo kila mwisho wa jengo na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na nondo, na baina ya kitanda na kitanda ipatikane nafasi ya mita 1.2. Tumechora bweni letu kwa vipimo hivyo. Maana yake litalaza wasichana 60, si 76 tena. Kamati ilipiga kura mara mbili juu ya jambo hili, na mara zote mbili tulikubaliana.

Ipo gharama ambayo haimo kwenye kabrasha lililo mbele yako. Wasichana wanalala katika madarasa mawili, na wenye madarasa hayo wanasomea bwaloni, wanahama kila inapofika saa ya uji na ya chakula. Tisa wamepanga vyumba mtaani. Mzazi yeyote hapa anajua msichana wa miaka 16 aliyepanga peke yake analipa nini. Wawili hawajarudi shule kabisa, na mwalimu wa malezi amekwenda kwao mara tatu.

Mpaka jana jioni wazazi tumechanga milioni 17, wahitimu wa shule hii wametuma milioni 9, na halmashauri imetoa milioni 10. Jumla ni milioni 36. Tumepungukiwa milioni 27. Jengo halikuwa na bima. Tumeanza kuulizia bima ya bweni jipya, na tumejifunza jambo ambalo wenye nyumba mliopo hapa mlijue: kata bima kwa gharama ya kujenga leo, si kwa ile uliyojengea zamani. Nyumba iliyokatiwa nusu ya thamani yake, ikiungua sehemu, fidia nayo hukatwa nusu.

Tunakuomba, Mheshimiwa, utuongoze katika kuchangia pengo hilo. Tunaomba pia utusaidie kuwapata zimamoto waje wakague mabweni mawili ya wavulana, ambayo waya zake ni za umri ule ule na yana nondo zile zile madirishani. Fedha za kuzikata hatuna, lakini mafundi wawili, wote wazazi wa hapa, wamejitolea kuanza Jumamosi ijayo kwa mikono yao, nasi akina mama tutapika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kamati ya Ukarabati wa Bweni