Salamu za sikukuu kwa wenye miti

Ndugu wafadhili, heri ya sikukuu. Wanaoadhimisha Krismasi, iwe ya furaha. Wasioadhimisha, mapumziko mema. Na sote kwa pamoja, mwaka mpya utukute wazima. Salamu zimechelewa kidogo, mtanisamehe. Nilitaka kwanza nipite kwenye bustani yetu ya miti, ile mliyoichangia kwa jubilei ya mji, nione hali ya miti yenu kabla sijaandika kwamba haijambo.

Nilikwenda alfajiri. Jukwaa la jubilei limekwisha kuvunjwa, nguzo za bendera zimeng'olewa, na pale walipokaa waheshimiwa nyasi zimekufa kwa umbo la zulia. Mji umemaliza kusherehekea miaka yake. Iliyobaki ni miche yenu, mingi hainifiki kiunoni, imesimama kwa mistari, kila mmoja umefungwa kwenye kigingi chake kama mtoto anayevushwa barabara kwa kushikwa mkono.

Mmoja ulinitia wasiwasi. Haukuwa na jani hata moja. Nikachutama, nikakwaruza gome kwa ukucha, alama ndogo isiyozidi punje ya mchele. Hapo ndipo mti husema kweli. Ukikuta kahawia na ukavu, basi tena. Ukikuta kijani chenye unyevu, mti upo, umelala tu. Nilikuta kijani. Nilibaki nimechutama pale kwa muda, peke yangu, nikicheka kama mtu aliyeokota hela.

Mwaka mzima nimeulizwa swali moja kwa namna nyingi: fedha niliyotoa imenunua nini? Wengi hudhani imenunua mche. Mche ndio kitu rahisi kuliko vyote katika shughuli hii. Fedha yenu imenunua maji ya miaka mitatu ya kwanza, maana mti ukihamishwa kutoka kitaluni mizizi yake huwa bado imebanwa kwenye donge la udongo wake, na mpaka itambae kwenda mbali hauwezi kujitafutia. Imenunua matandazo, yaani nyasi na majani makavu ya kufunika udongo. Imenunua mtu wa kupalilia na wa kulegeza kamba ya kigingi kabla haijakata shina. Siku ya kupanda kila mtu alikuwepo, na picha zikapigwa mpaka jua likazama. Sasa wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nawahesabia: mwaka unaokuja ndio siku yenu ya tatu.

Nasema hivi nikiwa na dhambi yangu. Mti wa kwanza niliopanda kwa mikono yangu, miaka mingi kabla ya jubilei hii, niliuua kwa mapenzi. Nilichimba shimo refu kama kisima. Nikauzamisha mche humo na udongo wake wa kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea mche, bila kuugusa, nikafukia, nikashindilia kwa kisigino, kisha nikalundika matandazo mpaka juu ya shina, nikijua nimeuvisha sweta. Mwaka wa kwanza ulikuwa kijani. Wa pili majani yakaanza kugeuka njano. Wa tatu niliuvuta kwa mkono mmoja ukaja wote, na mizizi ilikuwa bado na umbo la kiriba kilekile, imejisokota mviringo, haikutoka hata kidole kimoja kwenda kutafuta maji. Shina nalo lilikuwa limeoza pale lilipofunikwa.

Kwa hiyo mkituona mwaka huu tukichimba mashimo mapana mara mbili au tatu ya udongo wa mche, lakini kina chake hakizidi udongo huo, msituone wavivu. Mizizi inayolisha mti hukaa juu juu na hutambaa kwenda pembeni. Mkituona tunaichana mizizi iliyojizungusha, au hata kuikata kwa kisu, msihofu. Na matandazo yakae kama kata ya kichwani: duara nene, katikati wazi, shina lipumue.

Nije kwenye malalamiko, maana sikukuu bila malalamiko haijawahi kutokea. Baadhi yenu mmekuta kibati kwenye mti kina namba, jina la kisayansi, mahali mbegu ilikotoka na mwaka wa kupandwa, lakini jina lenu halipo. Jina liko kwenye daftari na kwenye ukuta wa lango. Kibati ni cha mti. Hicho ndicho kinachotofautisha bustani ya aina hii, arboretamu, na bustani nyingine yenye miti ya kivuli. Huku kila mti una kumbukumbu zake: ulitoka wapi, uliletwa lini, umeuguaje, umekufa kwa nini. Namba ya mti uliokufa haipewi mwingine. Mtafiti atakayekuja miaka 80 baadaye atataka kujua kama mti huu ulistahimili ukame kwa sababu ya asili ya mbegu au kwa sababu ya udongo, na jina langu mimi halitamsaidia kitu.

Lingine ni la aina za miti. Karibu nusu ya mliotoa mchango mliomba mti uleule wenye maua mazuri. Nawaelewa kabisa, hata mimi naupenda. Lakini miji mingi ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini iliwahi kupenda mti mmoja hivyohivyo, mwelmu, ikaupanda barabara nzima pande zote mbili. Ukaja ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na mbawakawa, na katika karne ya 20 barabara zile zikabaki vipara, mtaa baada ya mtaa. Aina moja ya mti ikipandwa peke yake, adui yake akifika hula meza nzima. Ndiyo maana wengine mlipewa mti msioujua, wenye majani ya ajabu ajabu, na mmoja wenu akaniuliza kwa upole kama ule ni mti kweli au ni kosa. Ni mti. Kuna mti wa Australia uitwao Wollemi, jamaa yake alijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, mpaka mwaka 1994 ulipokutwa ukiwa hai ndani ya korongo moja. Iliyokomaa kule porini haifiki 100. Moto mkubwa wa mwaka 2019 kuingia 2020 ulipoelekea korongo hilo, wazima moto walipelekwa maalumu kuiokoa, na ikaokoka. Hata ingeteketea, mingine ilikuwa tayari imekwisha kupandwa kwenye bustani sehemu nyingi duniani, kwa fedha za watu ambao pengine nao waliomba wenye maua.

Nimesema Australia, nimalizie hapohapo, kwa sababu Canberra ndiko kulikofanyika jambo linalofanana na letu kuliko kote ninakokujua. Mji huo ulizinduliwa na kupewa jina lake Machi 12, 1913. Waliouchora, Walter Burley Griffin na mkewe Marion Mahony Griffin, walitia bustani ya miti kwenye ramani. Mwaka 1917 ilianza kupandwa miti ya kizibo, ile ambayo gome lake hutoa vizibo vya chupa, na ipo hadi leo. Zaidi ya hapo, ramani ikakaa ramani. Januari 2003 moto ukateketeza misonobari ya mbao magharibi mwa mji. Wangeweza kupanda misonobari ileile wakaendelea na maisha. Wao wakafufua wazo la zamani, na Februari 1, 2013, mwaka wa kutimiza miaka 100, wakafungua bustani ya hekta 250 yenye misitu zaidi ya 90, karibu kila mmoja wa aina moja tu ya mti. Siku hiyo ya kufungua, sehemu kubwa ya "misitu" hiyo ilikuwa fito. Watu walitembea katikati ya fito na vigingi wakashangilia. Nikiitazama miche yenu isiyofika kiunoni, hilo hunipa nguvu.

Na kuna Boston, Marekani. Mwaka 1882 mji huo na Chuo Kikuu cha Harvard walikubaliana kuhusu Arnold Arboretum: ardhi iwe ya mji, chuo kitunze miti, wananchi waingie bure. Muda wa mkataba ni miaka 1,000, kodi dola moja kwa mwaka. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani sifuri moja imeongezwa kwa makosa. Wanasheria hawana utani, lakini yeyote aliyeandika ule mkataba alikuwa ameupata mwendo wa mti. Hata lengo la bustani linaweza kufa, miti ikabaki. Ile ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za injini za reli. Injini za moshi zimekwisha siku nyingi. Chini ya ile miti leo watu hufanya mazoezi, husali, huchumbiana.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike badala ya kutuma picha ya mshumaa na maua kama kila mwaka.

Baadhi ya miti hii si ya jubilei hasa. Mji ulitimiza miaka, nanyi mkapata nafasi ya kumkumbuka mtu. Tunajua, kwa sababu fomu ina sehemu ya kuandika sababu, na wengi mmeandika jina moja tu na mwaka. Kwenu ninyi sikukuu hizi haziji peke yake. Kiti kinakuwa wazi, simu moja haipigwi, na mtu anayekutakia furaha hajui ampe nani salamu zilizobaki.

Katikati ya mwaka mche wa mama mmoja ulikauka. Ulikuwa wa kumkumbuka mama yake. Tulikwaruza gome juu, tukakwaruza chini, kahawia kote. Nikapewa mimi kazi ya kumpigia. Nikamwamkia, nikazunguka mbuyu weee, mwishowe nikasema. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, mama yangu alikufa mara moja. Mti wake nao ufe mara ngapi?"

Sikuwa na jibu la fomu. Nikamwambia tutapanda mwingine, na huo ukifa tutapanda mwingine tena. Akauliza kama kibati kinaweza kuwa kilekile. Nikalazimika kumweleza habari ya namba, kwamba mti mpya una namba yake, na ule wa kwanza utabaki daftarini na tarehe yake ya kufa. Nilitegemea achukie. Akasema, "Kumbe na yeye anaandikwa." Akataka kibati cha zamani akakitunze nyumbani, tukampa. Mche wa pili ulipopandwa alikuja mwenyewe, akakaa chini kabisa kwenye nyasi, akaichambua mizizi kwa vidole polepole kama anayemsuka mtoto. Ndio ule niliokwaruza alfajiri ile.

Siku hizi za mapumziko wengi mtakuja na familia kuonyesha mti wenu, na mnakaribishwa sana. Ombi langu ni moja: pigeni picha mkiwa nje ya duara la matandazo. Usiku wa kuamkia Oktoba 16, 1987, tufani ilipiga kusini mwa Uingereza, na bustani ya Kew ya London ikapoteza miti karibu 700. Kulikuwa na mwaloni mmoja wa tangu karne ya 18 ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa ukidhoofika. Upepo uliuinua pamoja na mizizi yake, ukautua palepale. Wakauegemeza kwa nguzo, wakauweka mwisho kwenye foleni ya kukatwa. Walipofika zamu yake, miaka kama mitatu baadaye, walikuta umenawiri kuliko ulivyokuwa kabla. Tufani ilikuwa imelegeza udongo ulioshindiliwa na nyayo za wageni, mizizi ikapata hewa. Hatutegemei tufani ije itufanyie kazi hiyo. Watoto wana uhuru wote kwenye nyasi. Wakubwa ndio wenye tabia ya kuegemea mche.

Msiumwagilie kila mnapouona pia. Ingizeni kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, uacheni. Kikitoka kikavu, mpeni ndoo nzima taratibu, ashibe, kisha mwacheni siku kadhaa autafute mwenyewe. Naona nimeanza kuuita mti "yeye". Basi tu.

Kwa niaba ya wanaomwagilia, ambao majina yao hayako kwenye kibati wala ukutani, na ambao asubuhi ya sikukuu watakuwa na madumu mikononi wakati sisi tumelala, asanteni. Tuonane Jumamosi ya kwanza ya mwaka, saa moja asubuhi, langoni. Vaeni viatu msivyovionea huruma. Maji yapo, majembe yapo. Ndoo ndizo zimetupungukia.