Vijana wangu wa klabu, futeni picha ile

Wanangu,

Assalamu alaykum. Wengi wenu nimewajua tangu mkipita mlangoni kwangu Limbani na juzuu kwapani, mkienda chuoni. Leo mna fulana za rangi moja, mna mwenyekiti, katibu na mshika fedha, na mimi mmenipa cheo cha mlezi. Mpaka sasa kazi yangu katika cheo hicho imekuwa kukaa kiti cha mbele na kufungua mkutano kwa dua. Leo nataka kukifanyia kazi kidogo. Na naandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe tulilitenda hadharani.

Ramadhani iliyopita tuligawa ndoo. Mnakumbuka: ndoo sitini, kila moja ina mchele kilo tano, sukari kilo mbili, unga wa ngano, paketi ya tende na chupa ya mafuta ya kula. Katika nyumba tulizopita, moja ilikuwa ya mjane aliye edani, mwezi wa tatu tangu kufiwa. Tukamtuma mwanawe akamwite. Alikuja mpaka kizingitini, amejitanda kanga, ncha yake ameibana kwa meno. Mmoja wenu akasema, "Bibi, tazama huku kidogo." Akatazama. Upande wa pili wa ndoo, aliyeshika utambo na kuichekea simu, ni mlezi wenu.

Kabla ya Magharibi picha ilikwishafika Maskati na Mombasa. Baada ya Idi yule mtoto, yuko darasa la sita, alikuwa na jina jipya skuli: mtoto wa ndoo. Nimeyapata haya kwa mjomba wake. Hakuja na ugomvi. Alikaa barazani, akanywa kahawa, halafu akaniuliza, "Mzee, ile ndoo thamani yake shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akasema, "Basi mimi nitailipa, na nyinyi mturejeshee picha." Nilikosa la kumjibu, na mnanijua mimi si mtu wa kukosa neno.

Najua mtakalosema, maana tumeshalizungumza. Wanaochanga wanataka ushahidi. Kuna ndugu zetu wako Dubai, wako London, wako Dar es Salaam, wanakatwa kwenye mishahara yao na wana haki ya kuuliza kama kitu kimefika. Kweli wana haki. Lakini tazameni picha ile mara nyingine, kisha mnambie inathibitisha nini. Inaonesha mwanamke mmoja, ndoo moja na mzee mmoja. Haisemi kama zilinunuliwa ndoo sitini au arubaini na tano, duka gani, kwa bei gani, na chenji ililala mfukoni mwa nani. Mwizi mwenye simu nzuri atapiga picha kuwashinda nyinyi.

Mimi nimekula ukarani wa mizani ya karafuu miaka mingi. Mkulima akileta gunia hatukumsimamisha tukampiga picha nalo. Tuliandika: uzito, daraja, bei, jumla, sahihi yake na yangu. Kama makonyo, yaani vijiti vya karafuu, yamezidi, yaliandikwa kwamba yamezidi, na akinuna anune. Akitoka pale ana karatasi mkononi. Miezi sita baadaye akija mkaguzi, karatasi yake na daftari langu huulizwa swali moja na hujibu jawabu moja. Huo ndio ushahidi niujuao. Mtu wa Dubai apelekewe ukurasa wa daftari: kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na risiti ya duka imebanwa pembeni. Majina ya waliopewa yakae kwenye orodha mbali, washike watu wawili tu, na sheha, mkuu wa mtaa, ayajue kwa sababu nyumba zile anazijua kutushinda. Anayechanga atosheke na idadi.

Hapo hapo kwenye fedha, kuna jambo linaninyima usingizi. Michango yote inaingia kwenye simu ya mshika fedha, laini yake mwenyewe, ile ile anayopokelea mshahara na kumtumia mamake. Simtilii shaka hata chembe. Lakini akifa leo, Mungu amuweke, fedha ile ni ya nani? Warithi watafungua simu, watakuta kiasi, watakigawa mirathi. Nani katika nyinyi atasimama mbele ya matanga aseme hapa mna za mayatima? Fungueni akaunti ya klabu, waweka sahihi watatu, na asitoe mtu mpaka wawili waweke mkono. Hili msilingojee mkutano mkuu.

Na bahati nasibu ile ya kushindania simu, iacheni. Mtu anatoa elfu moja akitaraji simu, akikosa hajatoa sadaka, amepoteza. Nusu ya mji hawatagusa fedha iliyopita njia hiyo, na mkiwanunulia futari mtawatia watu katika shaka. Pigeni bonanza la mpira, uzeni chai na vitumbua, andaeni resi za ngalawa. Nimemaliza.

Narudi kwenye ndoo, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, wengine wenu mmesimuliwa, mchele ulikuwa wa kupimiwa na foleni ilianza alfajiri. Mimi nilikuwa kijana mdogo. Mama alikuwa akinituma baada ya Isha na sahani iliyofunikwa kawa, niipeleke kwa jirani ambaye mumewe alikuwa mgonjwa. Maagizo hayakubadilika: pita mlango wa uani, gonga, weka, sema mama anakusalimu, ondoka. Nisisubiri kushukuriwa, nisitazame ndani. Asubuhi sahani ilirudi, na haikurudi tupu hata siku moja. Ndimu tatu. Fungu la mchicha. Siku moja ilirudi na chumvi, imefungwa kwenye jani la mgomba, chumvi tu. Nilicheka. Kibao nilichopigwa nakisikia mpaka leo. "Unamcheka nani?" mama aliniuliza, na chumvi ile akaitia mchuzini siku ile ile, mbele yangu.

Sisi ndoo zetu hazikumwachia mtu nafasi ya kurudisha hata chumvi. Tulifika tumevaa fulana, tukakabidhi, tukapiga makofi, tukaondoka. Halafu katika ripoti tukawaandika "walengwa". Neno hili silipendi. Anayelengwa ni ndege, na mwenye manati hajawahi kumtakia mema. Katika wale sitini yumo fundi seremala aliyeumia mguu lakini mikono yake mizima, na wamo akina mama wanaopika kuliko mpishi yeyote mtakayemkodi. Mkiandaa futari ya jumuiya, wao ndio wawe jikoni, na nyinyi wenye fulana mteke maji na kuosha masufuria. Madawati ya skuli yakivunjika, mpelekeeni yule fundi misumari na mbao nyumbani kwake, na mumlipe.

Msidhani nawaambia hamjui. Mnajua, ila hamjajitazama. Mara ngapi mmekwenda kuchangia damu? Pale mnalala, mnatoa, mnapewa soda, mnatoka. Hakuna mgonjwa aliyeletwa kusimama na chupa yake mkapigwa picha naye. Hamjui damu ile ilimwingia nani, labda mama aliyejifungua, labda mtoto wa kijiji msichokifika, na hamjawahi kulalamika kwamba hamna ushahidi. Pigeni picha zenu wenyewe pale kitandani, mikono imenyooshwa, ziwavute na wengine; hizo hazimvunjii mtu heshima. Na wekeni kalenda, mwanamume baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, badala ya kwenda siku za sherehe tu.

Hata pensheni jamii ya Zanzibar, ile ya wazee wa miaka 70 na zaidi iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, nami naipokea. Foleni ile haimtii mtu haya. Anasimama aliyekuwa mkurugenzi, nyuma yake mchukuzi wa bandarini, kwa sababu kinachoulizwa ni umri, haulizwi mtu ufakiri wake. Ninapopanga foleni pale nakutana na watu tusioonana mwaka mzima, tunataniana, tunarudi.

Katibu wenu anapenda kutusomea habari za Rotary, chama cha kujitolea chenye klabu duniani kote, kwamba nasi tufanane nao. Sawa, basi tuwasome vizuri. Walianza Chicago, 23 Februari 1905, wakili Paul Harris na wenzake watatu, na jina lile walilichukua kwa kuwa mikutano yao ilizunguka, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Mama zenu na upatu wao hawangeona ajabu. (Mwaka huo huo 1905, Unguja, watu walikuwa wakiunda Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu, kwa hiyo tusijifanye kuunda chama tumefundishwa na mgeni.) Kazi yao ya mwanzo kwa mji mzima mnaijua? Vyoo vya umma. Wafanyabiashara na mawakili wamekaa wanapigania vyoo. Na tangu 1985 wanachangia kupambana na polio duniani, na matone yale hupewa mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi pamoja, mdomo wazi, hakuna anayejulikana kuwa amesaidiwa.

Nataka mwaka huu tuanze na vyoo vya skuli. Mmeviona, mimi nimeviona juzi. Milango miwili haina komeo, wasichana wakubwa wanashikiana mlango kwa zamu, na bomba limekatika tangu masika. Hakuna picha nzuri ya choo, na hilo ndilo linalonivutia. Kitatumiwa na wote, wenye baba na wasio na baba. Lakini msijenge mkaondoka; lile tangi tulilolikabidhi mwaka juzi lina koki iliyokufa, na koki si fedha ya kuitia klabu uchungu. Kila mwezi mtu mmoja kwa zamu akapite, aangalie, aandike kwenye daftari.

Mpwa wangu alikuwemo ndani ya MV Spice Islander I, meli iliyozama ikitoka Unguja kuja Pemba, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, na ni katika wale zaidi ya 600 waliookolewa. Ukimuuliza habari za bahari hasemi. Husema tu alipofikishwa ufukweni Nungwi mwanamke mmoja alivua kanga yake ya juu akamfunika, akenda kwa mwengine. Mpaka leo mpwa wangu hajui jina la mwanamke yule. Kanga anayo.

Basi naomba picha ile ifutwe, kwenye simu zenu na kwenye ukurasa wa klabu, na kila mliyemtumia mumwambie aifute. Haitafutika yote, najua. Mimi nimeshakwenda kumtaka radhi yule mama. Eda imekwisha, lakini nilikaa barazani na mke wangu ndiye aliyeingia ndani. Hakusema mengi. Siku ya pili mwanawe alileta mkate wa kumimina umefunikwa kawa, akaweka, akasema mama anakusalimu, akaondoka mbio.

Mkate tumeula. Sahani yake iko juu ya kabati hapa, na mke wangu tangu asubuhi ananiuliza tuijaze nini.

Mlezi wenu,
Limbani, Wete, Pemba